Mwosha Vioo Anayegomea Upepo wa Kooni

Siku ile mjinga alikuwa yeye, na analisema hilo kabla hujamuuliza.

"Mjinga nilikuwa mimi, tusizungushane," anasema Mjusi, akipangusa mikono kwenye suruali ya kazi. "Fundo nililifunga mimi, kwa mikono yangu hii, tena nikalisifia."

Ni saa kumi na mbili asubuhi. Yuko juu ya paa la jengo la ghorofa arobaini, amekaa kwenye ukingo wa kile kizimba cha chuma ambacho waosha vioo hushuka nacho ukutani kwa nyaya mbili. Wenyewe wanakiita susu, kama ile ya kutundikia vyombo jikoni, kwa sababu ukiwa ndani yake huna tofauti na sufuria: umetundikwa, unamsubiri wa kukushusha.

Kwa kawaida saa hii angekuwa ameshajaza ndoo, ameshajifunga mkanda, na ameshamtania mtu kuhusu kitambi. Leo ndoo ni kavu. Mkanda umelala sakafuni. Mjusi hashuki, na amekuja mapema kuliko wote ili ahakikishe kwamba hakuna mwingine atakayeshuka.

Jina la Mjusi alipewa na walinzi wa getini mwaka wake wa kwanza wa kazi, walipomwona ameganda ukutani juani bila kutikisika. Limemkaa. Hata mkewe hulitumia akiwa na furaha, yaani si siku hizi. Mama mkwe wake tu ndiye aliyelikataa katakata. Anasema yeye hakumwozesha binti yake kwa mjusi.

Minara anayoiosha ni miwili, na katikati yake, ghorofa ya ishirini, limepitishwa daraja la vioo la kuvukia kutoka mnara mmoja kwenda mwingine. Ukiitazama kutoka mtaani unaona kama ndugu wawili walioshikana mikono. Picha hiyo iko kwenye kalenda, kwenye vikombe vya wageni wa mapokezi, na kwenye fulana ambayo kila mwosha vioo hupewa moja kwa mwaka, saizi isiyomtosha.

Kisichoonekana kwenye kalenda ni ile nafasi iliyobaki kati ya minara hiyo. Waosha vioo wanaiita Kooni.

Upepo unaotoka huko kwenye uwazi ukifika hapo unakuta kuta mbili kubwa, hauna pa kupita ila katikati. Unabanwa. Na upepo ukibanwa hauendi polepole kwa adabu. Unafanya kama maji ya mpira wa bustani pale unapouminya mdomo wake kwa kidole gumba.

Ndiyo maana inatokea siku ambayo mtaani muuza magazeti amezitandaza kurasa zake bila hata jiwe la kuzikandamiza, na juu ya paa unaweza kuwasha kiberiti, lakini Kooni maji ya ndoo yanapanda juu badala ya kumwagika chini.

Na kipima upepo, kile chenye vikombe vitatu vinavyozunguka, ambacho ndicho kinachoamua kama watu washuke au wasishuke, kimefungwa wapi? Juu ya paa.

Mjusi anakitazama, kiko hatua chache tu kutoka alipokaa. Vikombe vinazunguka taratibu, kama mtu anayekoroga chai akiwaza mambo yake.

"Huyo ndiye msema kweli wao," anasema. "Hajawahi kushuka Kooni hata siku moja. Meneja wa jengo naye vilevile. Wanaelewana sana."

Siku ile ilikuwa Jumanne. Alishuka na shemeji yake, mdogo wa mkewe, kijana wa miaka ishirini na tisa ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemwingiza kazini. Kikosi kizima kinamwita Shemeji, ingawa dada yake aliolewa na mmoja tu. Ni mtu wa maneno mengi, golikipa wa timu ya mtaani kwao siku za Jumapili, mwenye mikono mipana iliyomfanya apate sifa kabla hata hajadaka mpira.

Walianza juu, wakawa wanashuka ghorofa baada ya ghorofa kwenye uso wa ndani wa mnara wa magharibi. Walipokaribia usawa wa daraja, upepo ulianza kuwarudishia povu usoni. Shemeji akasema leo akirudi nyumbani haogi, ameshaogeshwa na mwajiri.

Mjusi akachukua redio ya mkononi, akamwambia meneja wa jengo kwamba huku kumechafuka.

Meneja akajibu kutoka ofisini kwake kwamba yeye ana namba mbele yake, na namba ziko chini. Waendelee. Wapangaji wanalalamika vioo vina vumbi.

Wakaendelea. Hapo ndipo ujinga wa Mjusi ulipoingia, na ni ujinga ambao mtu wa kazi nyingine asingeweza kuufanya hata angetaka.

Somo la kwanza la mwosha vioo ni hili: susu ikisimama, ifunge kushoto na kulia, isije ikageuka bembea. Ukutani kuna pete za chuma kwa kazi hiyo. Kushoto pete ilikuwepo, wakafunga. Kulia haikuonekana. Mafundi wa matangazo walikuwa wameweka fremu ya taa zao pale pale, pete ikabaki nyuma ya fremu, na hakuna aliyeona haja ya kumwambia mtu.

Lakini boriti ya daraja ilikuwa karibu, nene kama mwili wa mtu mzima, chuma kitupu. Mjusi akanyoosha mkono, akapitisha kamba, akafunga.

"Nikamwambia shemeji, hapa hata kije kimbunga," anakumbuka. "Nilijiona fundi kweli kweli."

Alichokuwa hajui ni kwamba daraja lile halikugandishwa pande zote mbili. Limeshikizwa imara kwenye mnara wa mashariki tu. Upande wa magharibi limelazwa juu ya sahani za chuma zinazoteleza. Minara mirefu upepo ukiipiga huyumba, na miwili hii haiyumbi pamoja: mmoja ukienda, mwingine unarudi. Daraja lingegandishwa kote, lingechanika. Kwa hiyo limeachiwa lisogee.

Basi yeye alikuwa amefunga upande mmoja wa susu kwenye mnara, na upande wa pili kwenye kitu kinachoukimbia mnara.

Upepo ulipovuma, kamba ya kulia ilikaza hadi ikalia. Susu nzima ikavutwa pembeni, ikapinda. Kisha kamba ikalegea yenyewe. Wakatazamana. Wote wawili wakadhani fundo linafunguka.

Shemeji ndiye aliyekuwa upande huo. Akapeleka mkono wa kulia kwenye reli ya ukingo wa susu ili alikaze upya, kwa haraka, kama golikipa. Wakati huo huo daraja likaondoka tena.

Kamba ikavibana vidole vyake vitatu kwenye reli ya chuma.

Mjusi hasimulii kelele. Anasimulia kisu. Kamba za kazi ile zimetengenezwa zisikatike kirahisi, na hilo ni jambo zuri siku zote isipokuwa siku hiyo. Alikata, akakata, daraja likirudi linamlegezea, likiondoka linambana shemeji yake upya.

Na anasimulia kioo. Upande wa pili wa kioo, ndani ya daraja, mahali ambapo wangeweza kugusana mikono kama si kioo chenyewe, watu walikuwa wanapita na vikombe vya kahawa. Wawili walisimama. Mmoja alinyanyua simu akapiga picha. Mwingine aliangalia kidogo, uso ukamwiva kwa karaha, akashusha pazia.

"Alishusha pazia," anasema Mjusi, na hapa utani wote umemtoka. "Sikumwomba anisaidie. Angefanya nini yule? Lakini mtu unamwona mwenzako anaumia, unashusha pazia? La kijivu. Nikiliona pazia la rangi ile popote, natamani kulivuta hadi chini."

Hospitali walivitoa vidole viwili. Cha tatu kimebaki, ila hakikunji.

Meneja hakuchelewa. Kesho yake asubuhi waosha vioo walikuta tamko limebandikwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo: ajali imesababishwa na uzembe wa mfanyakazi. Pembeni yake pamebandikwa picha mpya ya mhamasishaji wa usalama, mtu mnene mwenye kofia ya njano, anacheka, amenyanyua mikono miwili juu. Vidole vyote kumi. Mjusi alivihesabu mara mbili, kisha akaibandua picha na kuiweka sehemu ambayo haifai kutajwa gazetini.

Aliyemweleza habari ya daraja ni injinia wa jengo, mwanamke asiye na makuu, aliyekuja hospitali peke yake bila kutumwa. Alichukua vikombe viwili vya wagonjwa, akaviweka mezani, akalaza kijiko juu yake. Akasukuma kikombe kimoja. Kijiko kikateleza, hakuna kilichoanguka. Akasema hivyo ndivyo lilivyojengwa na ndivyo linavyotakiwa, na kwamba lilifanya kazi yake vizuri kabisa siku ile.

Mjusi akamuuliza ni nani wengine wanaojua kwamba daraja linatembea.

Injinia hakumficha. Wanajua waliolichora. Wanajua wa bima. Anajua fundi wa lifti. Ndani ya daraja, upande wa magharibi, kuna ukanda wa chuma sakafuni ambao huwanasa visigino akina dada wa ofisini, na ukanda huo upo kwa sababu hapo ndipo daraja linapoteleza. Hata mtandika mazulia aliitwa akaelezwa, asije akapigilia zulia juu yake.

"Mtandika mazulia," Mjusi anarudia. Anatema mate kando. "Zulia likichanika ni hasara. Kwa hiyo zulia lina mtu wa kulisemea. Sisi tunaofunga kamba nje, kwenye chuma hicho hicho, nani atusemee? Tukichanika sisi wanaleta wengine."

Injinia alipoulizwa kwa nini waosha vioo hawakuambiwa, alitazama kijiko. Alijibu kwamba wao si wafanyakazi wa jengo, ni wa kampuni ya usafi, na kampuni ya usafi haikuwahi kuuliza. Akasema anajua jibu hilo ni baya. Akasema pole.

"Huyo namheshimu," anasema Mjusi. "Yeye peke yake ndiye aliyesema pole. Wengine wote walisema taratibu."

Nyumbani pole haijafika bado. Mkewe, fundi cherehani, hakupiga kelele siku ile na hajapiga hadi leo. Anamwandalia chakula, anaweka mezani, anarudi kwenye cherehani yake. Usiku wa hospitali alimwambia neno moja tu: "Nilikupa ndugu yangu mzima." Kisha akamgeukia muuguzi kuuliza habari za dawa.

Mjusi anakiri kwamba angependa kufokewa. Kufokewa kungeisha. Hili la cherehani haliishi. Anaisikia inakwenda hadi saa ya kulala, na anajua kila mshono unamsema yeye.

Shemeji mwenyewe anakaa kwao siku hizi, kwenye chumba cha mbele, mkono umefungwa bendeji hadi kwenye kiwiko. Anatania kama zamani. Anasema kocha amemhamishia mbele, awe mshambuliaji, kwa kuwa mpira wa miguu tangu lini ukahitaji vidole. Wageni wanacheka. Wakishatoka, anageukia ukutani.

"Sina ugomvi na shemeji yangu," anasema kijana huyo kuhusu Mjusi. "Dada hataki kusikia hivyo, lakini sina. Tulikuwa wawili pale, na wote wawili hatukujua. Ugomvi wangu ni na aliyejua."

Ni wiki ya sita sasa. Vioo vya Kooni havijaguswa, vumbi limeshika hadi mtu anaweza kuandika jina lake. Kwa kawaida hilo lisingemuumiza mtu kichwa. Lakini Jumamosi hii ndani ya daraja unafunguliwa mgahawa, meza zimeshapangwa kando ya vioo, na wageni waalikwa watakula wakitazama nje. Kwa kuosha uso mzima wa mnara, kazi ya wiki mbili, Mjusi hulipwa kiasi ambacho watu wanne wataacha hapo kwa mlo mmoja wa jioni, bila vinywaji.

Ameambiwa vioo viwe safi kabla ya Jumamosi. Amekataa, na kikosi chake kimekataa pamoja naye.

Hawagomi kazi. Nyuso za nje za minara wanaziosha kila siku, na zinang'aa. Wanachokataa ni Kooni tu, hadi mambo matatu yafanyike. Kifungwe kipima upepo cha pili pale pale darajani. Fremu ya taa iondolewe, pete ionekane. Na neno la kusimamisha kazi liwe la aliye ndani ya susu, si la aliye kwenye kiti.

La kwanza meneja alisema litatazamwa kwenye bajeti ijayo. La pili alisema ni la watu wa matangazo. La tatu alicheka.

Mjusi ana la nne, ambalo hajamwambia meneja bado. Anataka mtu awe anakaa darajani kwenye dirisha, na redio mkononi, anasoma kile kipima upepo kipya muda wote watu wakiwa Kooni, na upepo ukibadilika aseme pandeni. Na anamjua mtu huyo.

"Ana vidole vinane na mdomo mkubwa," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anatabasamu. "Kazi hiyo inahitaji mdomo. Akipata, nitakwenda kumwambia dada yake mwenyewe, na nitasimama hapo hapo mlangoni hadi cherehani inyamaze."

Lifti inalia. Mlango unafunguka, anatoka meneja, shati jeupe, tai imenyooka. Nyuma yake wako watu wanne wasiojulikana, mikanda imeshafungwa, ndoo mikononi. Kampuni nyingine. Hili ndilo Mjusi alilokuwa analiogopa, na ndilo lililomtoa kitandani alfajiri: si kwamba watachukua kazi yake, bali kwamba watashuka Kooni bila kujua kitu, kama yeye na shemeji yake.

Meneja anamsalimia kwa upole wa kiofisi. Mjusi anaitikia kwa kichwa, anampita, anakwenda moja kwa moja kwa kiongozi wa wale wageni, mama wa makamo mwenye glavu zilizochakaa na mabega ya mtu aliyefanya kazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Anamweleza kwa kifupi. Daraja lile linatembea. Usilifungie kamba. Na pete ya kulia imefunikwa, kwa hiyo utatamani kulifungia. Mimi nilitamani.

Yule mama anamgeukia meneja, anamuuliza kama ni kweli daraja linatembea. Meneja anasema hayo ni mambo ya kitaalamu, injinia anayashughulikia, wao waoshe tu vioo.

"Sijauliza nani anashughulikia, mwanangu," anasema mama. "Nimeuliza kama linatembea."

Meneja anatazama saa yake.

Mama anakwenda ukingoni, anainama, anachungulia Kooni kwa muda mrefu. Anarudi. Anavua glavu, moja baada ya nyingine, anazitia mfukoni. Watatu wake wanaweka ndoo chini bila kuambiwa.

Hapo upole wa meneja unaisha. Anasema minara hii ilijaribiwa kwa upepo mkali kuliko wote watakaoupata maisha yao yote. Anasema wageni wanakuja Jumamosi wala si mwakani. Anasema mtu aliyefunga kamba yake vibaya hawezi kuja kuwatia watu woga juu ya paa la wenyewe. Anakinyooshea kidole kipima upepo, vikombe vinazunguka kwa uvivu ule ule, kisha anaishika tai yake na kuiachia ining'inie kifuani.

"Upepo wenyewe uko wapi?" anauliza. "Hata tai haichezi. Hapa leo hata mtoto angeshuka."

Mjusi anakwenda kwenye susu, anafungua komeo, anakishikilia kimlango kikiwa wazi. Kwa mkono mwingine anaokota kamba.

"Basi tangulia, bosi," anamwambia. "Nitakufungia mimi."